Pazia la Kogo na Viazi vya Keringet

Mapema mwaka huu mwalimu mmoja wa Kiswahili, ambaye niliwahi kumfundisha fonolojia, alinialika shuleni kwake karibu na Keringet, kule kwenye nyanda za juu za Mau, nipitie mswada wa mchezo ambao wanafunzi wake walikusudia kuupeleka katika mashindano ya drama. Nilikwenda nikidhani ningesahihisha sarufi na kurejea Nakuru kabla ya ukungu wa jioni kushuka. Nilishinda huko siku mbili, nikibishana juu ya kitambaa chenye maua.

Mchezo wenyewe si mbaya hata kidogo. Unasimulia habari za yaya mmoja katika nyumba ya mlowezi karibu na Molo, mwaka 1948, ambaye jamaa zake wako Olenguruone. Msomaji atakumbuka kwamba Olenguruone, mahali ambapo si mbali na Keringet, ndiko serikali ya kikoloni ilikowapeleka maskwota wa Kikuyu mwaka 1941, ikawawekea masharti juu ya ardhi ambayo walikataa kuyatii, na hatimaye ikawafukuza. Kazi hiyo ya kufukuza watu ilikamilika mwaka 1950. Wanafunzi walikuwa wamewauliza wazee wao, na ilionekana. Ila nilimkuta yule yaya wa 1948 akilalamika juu ya "changamoto" za maisha, nikalikata neno hilo kwa wino mwekundu. Maana tunayolipa leo ni ya juzi juzi tu. Yaya wa wakati ule angesema taabu, dhiki au mashaka. Wanafunzi walikubali bila ubishi. Neno lisilo la wakati wake, walisema, humwamsha mtazamaji usingizini.

Jioni wakafanya mazoezi wakiwa wamevaa. Yaya alitokea jukwaani katika gauni la kitenge linalometameta, lenye maua ya zambarau makubwa kama sahani. Nyuma yake, dirisha la nyumba ya mlowezi lilikuwa na pazia la kitambaa chororo cha aina ile ile, na kiti kilifunikwa vivyo hivyo. Nikauliza kitambaa kimetoka wapi. Nakuru, wakasema, tena kwa bei nafuu. Nikaomba uzi mmoja na kiberiti. Uzi wa pamba ukichomwa hutoa harufu ya karatasi iungayo na huacha jivu laini linalopeperuka. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha punje ngumu nyeusi na harufu ya plastiki. Ni poliesta. Uzi wa namna hiyo ulivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na ulichukua miaka mingi kufika katika maduka yetu. Haiwezekani ukawa umeshonwa gauni la yaya wa Molo mwaka 1948.

"Lakini ni maua tu, Daktari," akasema kijana mmoja.

Ndiyo kauli iliyoniudhi, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwa nini neno moja lisilo la wakati wake likatwe kwa wino mwekundu, na mita kumi na nne za kitambaa kisicho cha wakati wake zipite bila swali? Mtazamaji aliyekaa nyuma huenda asisikie nusu ya maneno. Kitambaa atakiona kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuona mchezo huo, atatoka akiamini kwamba hivyo ndivyo bibi zake walivyovaa, na hakuna kitabu kitakachomtoa katika imani hiyo.

Binti aliyeigiza yaya ndiye aliyeleta habari. Kogo yake, yaani nyanya yake, alikuwa na kitambaa cha kweli cha wazungu, chenye maua, amekiweka sandukuni tangu zamani. Kingetosha gauni moja. Macho ya wote yakang'aa, na nakiri hata yangu. Asubuhi yake tukapita kati ya mashamba ya viazi, tope likitushika viatu, hadi kwa Kogo.

Alitupokea vizuri, akatupa chai, akaniuliza mimi ni daktari wa nini. Nikamwambia wa lugha. "Lugha nayo huugua?" akauliza, na sikuwa na jibu la haraka. Kisha akafungua sanduku la bati, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa leso kuukuu. Ndani yake mlikuwa na nusu ya pazia. Pamba tupu, ufumaji wa kawaida, rangi ya malai iliyofifia, na juu yake mawaridi ya rangi ya damu ya mzee, majani ya kijani kibichi, na kikonyo cha kahawia kilichojipinda kutoka waridi moja hadi jingine. Pale kilipokuwa kimekunjwa kwa miaka mingi, rangi ilikuwa imeliwa na nyuzi zimeanza kuachana.

Mwalimu akaeleza haja yetu kwa adabu. Kogo akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba alifanya kazi katika nyumba ya mlowezi akiwa msichana. Uhuru ulipokaribia, mzungu akauza shamba na kuondoka, na siku ya mwisho hapakuwa na pesa za mwezi ule. Mama wa nyumba akashusha mapazia mawili, akampa. Moja alilikata nusu akashona gauni, akaolewa nalo, na baadaye likawabeba watoto mgongoni hadi likaisha. La pili alimpa dada yake. Nusu iliyobaki ndiyo hii. Imepita katika fujo za 1992 na zile za mapema 2008, akiifunga pamoja na vyeti vya ubatizo.

"Huu ni mshahara wangu," akasema. "Utaukata?"

Hakuna aliyethubutu kujibu. Tuliporudi njiani binti akasema kwa sauti ndogo, "Basi tukitengeneze kingine kama hicho." Kuanzia hapo tulikuwa na kazi.

Najua wako watakaosema kwamba nakala ni uongo. Wenzangu wa historia ya sanaa huikunjia uso. Naomba msomaji anivumilie nirudi kwetu pwani kidogo, kwa sababu huko historia yote ya nguo ni historia ya nakala.

Chukueni merikani. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli za Salem zikaleta Zanzibar kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, ambacho watu wa bara walikipenda kuliko vyote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko kwao mwaka 1861, kitambaa kikaadimika. Viwanda vya Bombay vikajitokeza na kitambaa cha namna hiyo hiyo, na baadaye Japani ikafanya vivyo hivyo. Marekani yenyewe ikatoka sokoni, lakini jina halikutoka. Hata leo ukiingia duka la vitambaa Nakuru ukaomba merikani, muuzaji hatakushangaa. Ataivuta jora chini, na kilichomo hakijawahi kuiona Marekani.

Au chukueni kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo nyanya yangu mzaa mama alifungwa siku ya harusi yake Mombasa. Nakshi yake ilitoka kwa wachapaji wa Gujarati waliokuwa wakigonga vibao vya mbao kwa mkono. Ulaya, hasa Uholanzi, wakaichukua katika robo ya mwisho ya karne ya 19 na kuichapa kwa mashine. Wajapani wakaichukua kwa Wazungu. Baada ya uhuru viwanda vyetu vya Afrika Mashariki navyo vikachapa kanga, na siku hizi nyingi zinatoka tena India, huko huko ilikoanzia safari. Nendeni Barabara ya Biashara, Mombasa, mahali ambapo duka la Kaderdina Hajee Essak limeuza leso tangu 1887, mtakuta kisutu kinauzwa, na hakuna bibi harusi anayelia kwamba amefungwa nakala. Tena kanga za duka hilo hubeba ukingoni maneno "Mali ya Abdulla". Mwenye nakala ameweka jina lake. Nitarudi kwenye jambo hili.

Na yale mawaridi ya Kiingereza? Wazee wa pwani walikuwa na neno chiti kwa kitambaa chepesi cha pamba kilichochapwa maua. Limetoka Kihindi, na asili yake ni madoadoa. (Kanga nayo, kama mjuavyo, ni jina la ndege mwenye madoadoa. Sidai uhusiano wowote. Nafurahia tu kwamba watu wawili, mbali mbali, walikitazama kitambaa wakaona kitu kimoja.) Waingereza walilichukua neno hilo hilo wakalitamka kwa namna yao, kwa sababu kitambaa chenyewe walikichukua India. Mafundi wa India walijua siri ambayo Ulaya haikuijua: kwamba rangi peke yake haishiki kwenye pamba. Kwanza walipaka shabu mahali palipotakiwa kuwa pekundu, na maji ya chuma mahali palipotakiwa kuwa peusi, kisha wakachemsha kitambaa pamoja na mizizi yenye rangi. Rangi ikashika pale tu palipopakwa, na haikutoka kwa kufuliwa. Kitambaa hicho kilipendwa mno Ulaya hata wafumaji wa huko wakalia njaa. Ufaransa ikakipiga marufuku mwaka 1686 na haikuondoa marufuku hadi 1759. Uingereza ikapitisha sheria kali mwaka 1721, ikaifuta 1774. Katikati ya hapo wakajifunza kukichapa wenyewe. Ikaja mitambo ya magurudumu ya shaba miaka ya 1780, na baada ya 1856 rangi za maabara. Maua ya India yakageuka mawaridi, mawaridi yakapanda meli, yakashuka Mombasa, yakapanda garimoshi hadi Molo, yakatundikwa dirishani ili mama wa Kiingereza asiuone sana msitu wa Mau.

Kwa hiyo pazia la Kogo lenyewe ni nakala ya nakala. Halina maandishi ukingoni, na sitasema lilichapwa wapi. Kilicho chake hasa, ambacho hakikunakiliwa kutoka popote, ni ule mwezi wa kazi usiolipwa.

Mwalimu alipendekeza kwanza tutafute mitumba. Tulitafuta. Katika soko la Keringet siku ya soko yapo mapazia ya maua ya Ulaya kwa marobota, nami nilicheka peke yangu kuona mawaridi ya walowezi yakirudi kwa kilo. Lakini yale yote yalikuwa ya pamba iliyochanganywa na poliesta, nakshi kubwa kubwa za miaka ya 1970 na kuendelea. Viwanda je? Rivatex iko Eldoret. Ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikazinduliwa upya 2019, na ina mitambo ya kuchapa. Lakini kiwanda huchapa maelfu ya mita. Sisi tulitaka kumi na nne.

Tukanunua merikani Nakuru. Hapa niwaambie walimu watakaojaribu: msichape kabla ya kufua. Kitambaa kipya kimejaa wanga kutoka kiwandani, na rangi hukaa juu ya wanga badala ya kuingia ndani ya uzi. Ukifua mara ya kwanza, maua yote huenda na maji. Wanafunzi walikichemsha na sabuni, wakasuuza, wakakianika. Kilipokauka kilikuwa cheupe mno, na pazia la Kogo ni la rangi ya malai. Binti mmoja ambaye wazazi wake huchuma chai akauliza kwa nini tusikitie katika chai. Ni jibu lile lile ambalo mafundi wa mavazi ya jukwaa hulitumia kila mahali. Chai ya rangi, sufuria kubwa, dakika kumi na tano, na kitambaa kinazeeka nusu karne. (Msiifanye hivyo nguo ya zamani ya kweli. Chai huila pamba polepole.)

Vibao je? Keringet ni nchi ya viazi. Kila mtoto pale anakijua kiazi kama mtoto wa Lamu anavyomjua samaki. Tulirudi kwa Kogo na karatasi nyembamba, tukaitandaza juu ya pazia pale lilipokuwa imara, tukachora waridi, jani na kikonyo kwa penseli bila kukandamiza. Tukapima kwa rula ni wapi nakshi inaanza kujirudia. Jambo hili wanafunzi hawakuwa wamelifikiria kamwe: kwamba maua kwenye kitambaa hayakutupwa tu, yana utaratibu wake, na fundi amefanya kila hila kukuficha pale mwanzo na mwisho vinapoungana. Nikawaambia ni kama sarufi. Mwenye lugha haioni. Walinitazama kwa huruma.

Kiazi hukatwa nusu, upande wa ndani ukapanguswa hadi ukauke, nakshi ikachongwa kwa kisu kidogo, rangi ya kitambaa ikapakwa kwa sifongo, kisha kibao kikagongwa kwa mkono ulionyooka. Kila rangi ina kiazi chake. Kiazi hakidumu, baada ya saa chache hulegea na kingo zake hufa, kwa hiyo kila asubuhi wachongaji walianza upya, na kila waridi la siku ya pili lilitofautiana kidogo na la siku ya kwanza. Rangi ikikauka, pasi ya moto hupitishwa upande wa nyuma ili ishike. Kikonyo kiliwashinda katika kiazi kwa sababu ya wembamba wake, wakakichonga kwenye ubao wa mti. Hayo waliyafanya kwa majuma mawili, mimi nikiwa nimerudi darasani kwangu, mwalimu akinitumia picha.

Sasa turudi kwa Abdulla. Sisi wanaisimu tunapounda upya neno la kale ambalo hakuna aliyeliandika wala kulisikia, mathalani mzizi wa Kibantu uliozaa mtu, muntu na mundu, huliwekea nyota mbele. Nyota hiyo ni kiapo. Inasema: neno hili tumelitengeneza kwa ushahidi, hatukulikuta. Asiyeiweka hujulikana mara moja kuwa mzembe au laghai. Nilimwomba mwalimu kwamba upindoni mwa gauni na mwa pazia washone nyota ndogo kwa uzi, pamoja na mwaka na jina la shule. Miaka hamsini ijayo mtu atalifungua sanduku la bati la shule akute gauni la merikani lenye mawaridi, lililozeeka kwa chai. Bila nyota ataapa ni la 1948, na pengine atalipeleka jumba la makumbusho. Nimeona makosa ya namna hiyo yakifanywa na watu wenye shahada nyingi kuliko zangu.

Mwalimu alikubali kuhusu nyota, lakini akanigeuzia swali ambalo bado linanikera. Kama nakala ya kitambaa inahitaji nyota, je, yaya mwenyewe? Maneno yake yote yametungwa na watoto wa kidato cha tatu. Ingefaa tumtie nyota kichwani? Nilimjibu kwamba mtazamaji wa mchezo anajua amekuja kutazama mchezo, ilhali mvaa nguo haambiwi kitu na nguo. Nilipokuwa nikisema niliona jibu linanilegea mdomoni kama kile kiazi cha saa nne.

Nilikwenda tena kabla ya mashindano ya mtaa. Walikuwa wamemleta Kogo shuleni, amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, na binti akatokea amevaa. Gauni la marinda kiunoni, kola ndogo, vifungo vya mfupa vilivyotoka kwenye koti kuukuu la mtu. Nyuma yake pazia. Mimi niliyekuja na mdomo wa kukosoa sikuwa na la kusema.

Kogo akainuka, akashika upindo wa gauni, akaugeuza kutazama nyuma ya kitambaa kama anayekagua mali dukani. Akalinusa. Kisha akacheka.

"Haya yanatazama kule," akasema.

Hatukuelewa. Akafungua kifurushi chake, alichokuja nacho, akatandaza nusu ya pazia kando ya gauni. Katika pazia lake kila waridi limeinama kulia. Katika gauni la watoto kila waridi limeinama kushoto. Kila anayechonga kibao hupaswa kuchonga kinyume, kwa kuwa kibao hugeuza. Mhuri wa ofisi hufanywa hivyo hivyo. Walichora sawasawa, wakachonga sawasawa, wakachapa kinyume, na picha nilizotumiwa nilizitazama kila siku kwa majuma mawili bila kuliona jambo hilo.

Mwalimu akauliza kama wachape upya. Siku zilikuwa zimebaki tisa, na merikani ilikuwa imebaki mita tano tu. Ubishi ukaanza, wachongaji upande mmoja, waigizaji upande wa pili, na hatimaye ikaamuliwa pazia lichapwe upya kwa mita zile tano, gauni libaki lilivyo. Kogo hakushiriki ubishi huo. Alikuwa amemshika mkono mwanafunzi aliyekwenda Nakuru kununua kitambaa, akimuuliza merikani sasa ni shilingi ngapi kwa mita. Akaambiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akalipima pazia lake kwa urefu wa mkono, kuanzia kidoleni hadi begani, mara moja, mara mbili, midomo yake ikihesabu.

"Hawakunilipa yote," akasema, akaanza kulikunja.